Jeni ya Profesa Kakati

Junmoni Saikia alikuwa mwaka wa nne wa masomo ya uzamivu huko Guwahati, India, siku alipoletewa makala aitie sahihi, akakataa.

Aliyeileta ni msimamizi wake mwenyewe, Profesa Bhaben Kakati. Miaka kumi na tano nyuma, mzee huyo alijipatia jina kwa jeni moja ya bakteria wanaotoboa meno. Aliing'oa jeni hiyo, bakteria wakashindwa kugandama kwenye jino, basi ikaandikwa vitabuni kuwa ndiyo jeni ya kugandama. Sasa alitaka kulirudia hilo, na matokeo ya Junmoni yawe ushahidi.

"Lakini Profesa, matokeo yangu hayasemi hivyo. Mimi nimeing'oa na wadudu wamegandama vilevile. Mara tisa."

"Umechafua vyombo."

"Mara zote tisa?"

"We binti una mdomo!" Profesa alicheka, akalihamishia tambuu shavu la pili. "Wenzako wanaolewa, wewe unagombana na wadudu. Tia sahihi hapo."

Junmoni aliirudisha karatasi kama ilivyokuja. Kesho yake akakuta meza yake ya maabara kapewa mtu mwingine, na wenzake wote wana shughuli za kutazama chini.

Junmoni hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Minoti, mwanamama aliyetunza majokofu ya idara tangu Profesa akiwa na nywele.

"Dada Minoti, nawataka bakteria wa Profesa. Wale wa zamani, wa mwanzo kabisa."

Minoti alimtazama juu ya miwani. "Unatafuta kufukuzwa?"

"Nimeshafukuzwa nusu."

"Haya. Ni mali ya idara, mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuomba. Andika jina kwenye kitabu cha jokofu kwa herufi kubwa, wasije wakasema umeiba."

Akajibanza kwenye chumba cha kuoshea vyombo, miezi mitatu, kati ya sinki na dirisha. Wale bakteria wa zamani akawarudishia jeni yao. Kama ni kukosa jeni hiyo tu kulikowazuia kugandama, sasa wangegandama. Hawakugandama. Aliwaotesha juu ya kipande cha kioo; alipowatia rangi na kuwasuuza, kioo kilitoka cheupe, hakuna aliyebaki. Kumbe tangu mwanzo walikuwa na kasoro nyingine, na hakuna aliyewahi kuwarudishia jeni akaangalia.

Kisha akawalisha sukari bakteria wake mwenyewe, wale aliowang'oa jeni. Walitengeneza asidi kama kawaida yao, na asidi hiyohiyo ikawaua. Wenzao aliowarudishia jeni wakaishi: kumbe kazi ya jeni hiyo ni kuwakinga na asidi yao wenyewe. Junmoni alipiga kofi sinki kwa furaha hadi mkono ukamuuma.

Kwenye kikao cha mwaka, alisimama mbele ya idara nzima akayaeleza yote, bila kuruka jina la mtu.

"Nani kakuruhusu?" Profesa alinguruma kutoka kiti cha mbele.

"Kitabu cha jokofu, Profesa. Jina langu limo."

"Miaka kumi na tano dunia nzima inakosea, wewe peke yako wa sinkini ndiye uliyeona?"

"Sijui dunia nzima, Profesa. Najua kioo kilikuwa cheupe. Apewe mtu mwingine arudie, nami nisiguse kitu."

Mkuu wa idara akaamuru kazi irudiwe na mtu asiyewapenda wala kuwachukia hao wawili. Baada ya miezi miwili jibu likaja: ilivyo ndivyo alivyosema Junmoni.

Profesa hakuomba radhi. Alimkabidhi Junmoni kwa msimamizi mwingine na kwa mwaka mzima hakumwitikia salamu. Junmoni aliendelea kumsalimu kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika korido nzima. Makala yake ilipotoka, aliitaja kazi ya Profesa palipostahili, akaandika wazi kwamba ilikosea. Nakala moja akaipitisha chini ya mlango wa Profesa, na safari hii karatasi ilikuwa na sahihi ya Junmoni.