Shamba Namba Kumi na Tisa

Mishiri yenyewe haikurudi. Ilichomwa huko huko Ulaya, na kilichofika kijijini Manyatta ni karatasi moja tu, mkononi mwa Kiende, afisa wa shambani wa kampuni iliyokuwa ikinunua maharagwe hayo mabichi kutoka kwa wakulima thelathini na mmoja. Kila mkulima alikuwa na namba yake, na kila kreti ilibandikwa namba ya shamba ilikotoka. Kreti namba kumi na tisa ilikutwa na mabaki ya dawa ya kahawa.

Rwamba, katibu wa kikundi cha wakulima hao, hakuhitaji kufungua daftari. Kumi na tisa alikuwa Ciakuthii, mjane mzee mwenye robo eka kando ya mto. Tena Rwamba alijua dawa ilifikaje huko. Asubuhi moja alikuwa amepulizia kahawa yake, na kabla hajaliosha bomba la kupulizia dawa, Ciakuthii akafika kuliazima. Kwao jirani hanyimwi chombo cha kazi, na kumwambia angoje kwanza kioshwe ni kama kumfukuza. Rwamba alimvisha bomba mgongoni kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa walikuwa wamekusanyika katika banda la kuchambulia mishiri, wengine wameketi juu ya kreti tupu.

"Kipimo kimeshuka," alisema Kiende. "Zamani mabaki kidogo yalivumiliwa. Sasa serikali za kule hazitaki hata chembe."

"Na dawa hiyo anaitengeneza nani?" akafoka Njuki, mkulima kijana asiyejua kunyamaza. "Si ni wao? Kopo lina jina la nchi yao! Kwao wameikataza, kwetu wanaiuza, halafu tukiitumia wanatuchomea jasho letu!"

"Mwambie!" akadakia mtu kutoka nyuma.

"Na ninyi wa Meru, madam, mnauza miraa kama majani ya mbuzi. Nani anawapima?"

Watu wakacheka. Kiende hakucheka.

"Uholanzi imeshaifungia miraa mlango mwaka huu. Kaka yangu amebaki kutafuna mzigo wake mwenyewe. Mnataka mishiri iifuate?" Akaikunja ile karatasi. "Mwenye kampuni ameamua hivi. Kosa likiwa la shamba moja, shamba hilo linatolewa na kung'olewa leo, wengine mnaendelea. Lakini nikikuta mnaazimana mabomba, kikundi kizima kimekufa, na oda zenu zinahamia Ethiopia." Akamgeukia Ciakuthii, na sauti yake ikalainika kama ya mjukuu. "Sasa, cucu, ulipulizia na bomba la nani?"

Hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Ciakuthii hana bomba. Rwamba alitaka Ciakuthii amtaje, yaishe; tena alitaka asimtaje. Alijiambia anaziogopea kaya thelathini, lakini kila alipoanza kuzihesabu, alianza na yake.

"La marehemu mzee wangu," akasema Ciakuthii.

Mtu mmoja akakohoa. Mzee huyo alizikwa miaka kumi kabla mishiri haijajulikana Manyatta, na maishani mwake hakuwahi kupulizia kitu.

"Liko wapi?"

"Lilikuwa linavuja. Nimelitupa."

Kiende hakuwa mjinga, ila naye alikuwa na kazi ya kulinda. "Katibu," akasema, "unathibitisha? Ni kweli?"

Macho yote yakamgeukia Rwamba. Ciakuthii peke yake ndiye hakumtazama. Alikuwa akifuta udongo kwenye kucha zake.

"Ni kweli," akasema Rwamba. Maneno yalitoka mepesi kuliko alivyodhani, na wepesi huo ukamtisha.

Ciakuthii akatia kidole gumba kwenye wino, akapiga chapa ya kujitoa kikundini.

Kabla ya saa sita walikuwa mtoni. Kampuni ilitaka picha ya shamba tupu, na katibu ndiye aliyetakiwa kuongoza. Mishiri ilikuwa katika chumo la pili, maua meupe bado juu na maganda chini, na mizizi iking'oka bila ubishi katika udongo ule mlaini. Njuki aling'oa shina moja, akalitazama, akalilaza chini taratibu. "Mimi sing'oi chakula," akasema, akaondoka. Rwamba alimwonea wivu. Akainama tena, akang'oa kwa kasi zaidi, kama mtu anayetaka kuvuka moto.

Kiende alipokwisha kupiga picha ya kampuni, watu wakaanza kunyapa kuelekea njiani. Ciakuthii akawaita mmoja mmoja kwa majina. Alikuwa amepika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, sufuria tele, maana mtu akilima kwako hula kwako, na desturi hiyo haikusema kitu juu ya kung'oa. Wakarudi wameinamisha vichwa.

"Mpeni Rwamba kwanza," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndiye aliyefanya kazi kubwa."

Rwamba akapokea sahani. Alipomkaribia akanong'ona, "Cucu, jioni nitakuja nikuone. Tuzungumze."

"Uje kufanya nini? Shamba limekwisha." Akachota mwiko mwingine, akamwongezea. "Kula, katibu. Wenzako wanakungoja uanze."

Rwamba akala.