Sufuria Isiyotiwa Chumvi

Babu wa babu yake alikuwa mhunzi, na jembe lililotoka mkononi mwake halikurudishwa na mkulima hata mmoja. Mhunzi alimzaa karani wa mahakama, ambaye hati yake ilinyooka kama uzi wa mwashi. Karani alimzaa mpima ardhi, na mipaka aliyoiweka haijasogea unyayo mmoja hadi leo. Mpima ardhi akamzaa mwalimu, na mwalimu akamzaa Mwalimu Mkuu, mzee mwenye kisa hiki, aliyeongoza shule miaka thelathini na minne kwa kengele, chaki na jicho la kulia peke yake, maana la kushoto lilikuwa na kazi ya kutazama saa.

Nasaba hiyo Mzee aliisoma mbele ya kila mgeni, kituo kwa kituo, bila kumruka mtu. Ila alipofika kwa mwanawe wa pekee, alikohoa.

Mwana huyo alikuwa mpishi wa hospitali. Siku alipoipokea kazi hiyo, Mzee alisema, "Ukoo wa kalamu umeishia kwenye mwiko," na maneno hayo hayakurudiwa wala hayakufutwa. Baba na mwana waliendelea kuishi nyumba moja, wakisalimiana kwa adabu kila asubuhi, kama majirani waliotenganishwa na ua.

Mzee hakuwa mwongo. Lakini alikuwa na rafiki wa tangu darasani, Jaji mstaafu, ambaye kila barua yake ilibeba habari za watoto wake: huyu mhandisi, yule wakili. Siku moja Mzee akamjibu, "Mwanangu naye anahudumia wagonjwa katika hospitali kuu." Kila neno lilikuwa la kweli. Jaji akaandika, "Hongera kwa kupata daktari." Mzee, aliyekuwa akisahihisha hata matangazo ya misiba, aliikunja barua ile, akaiweka kwenye mtoto wa meza, wala hakuisahihisha.

Ndipo Jaji alipotaka kuja kumtembelea. Mzee akamwalika chakula cha mchana, "Jumapili, tarehe kumi na nne." Barua aliisoma mara tatu kutafuta makosa ya alama za uandishi. Hakuyaona. Alichokosa kuona ni kwamba tarehe kumi na nne iliangukia Jumamosi.

Jaji, kama walivyo watu wa sheria, alifuata tarehe.

Jumamosi hiyo, saa tano na robo, hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Jaji na fimbo yake, na mkewe na mkoba wake.

"Daktari yupo?" Jaji aliuliza hata kabla hajaketi.

"Yuko kazini," Mzee akajibu. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Akawaacha sebuleni na glasi za maji, akaelekea jikoni kwa mwendo ambao hakuwa ameutumia tangu astaafu. Mjukuu wake, binti wa yule mpishi, alikuwa akipiga deki. Alikuwa anasomea upimaji wa ardhi, naye Mzee aliona fahari kubwa kwamba damu imerudi njiani.

"Babu, wageni si wa kesho?"

"Wa leo. Wamefuata tarehe."

"Tarehe aliandika nani?"

Mzee akatazama dari. "Tusipoteze wakati."

"Na daktari ni nani, Babu? Nimesikia anaulizwa."

Mzee akafungua kabati, akafungua jokofu, akavifunga vyote. Sokoni walipanga kwenda jioni. "Hakuna kitu humu. Tumeumbuka. Tangu enzi za mhunzi hajatoka mgeni na njaa katika nyumba hii."

"Baba anasema mpishi haulizi hakuna nini. Anauliza kuna nini."

Akaegemeza ufagio wa deki ukutani, akanawa mikono hadi viwiko, akapanga vyote mezani mstari mmoja: bakuli la wali uliolala, mayai manne, viazi vitano, karoti tatu zilizolegea kama mkanda wa mzee aliyekonda, vitunguu viwili, kikombe cha dengu, nyanya moja, kipande cha tangawizi, ndimu, na mabua ya kotimiri ambayo wengine wangeyatupa. Akavitazama kama jenerali akitazama kikosi kidogo kisicho na woga.

Kisha akaanza, na Mzee, aliyekuja kusimamia, akajikuta amekuwa mwanafunzi. Karoti alizitia katika maji baridi, na baada ya muda zikakakamaa tena. Wali aliunyunyizia maji, akaupepeta kwa uma asiuponde, akaufunika kwa kitambaa kibichi juu ya moto mdogo, na kila punje ikaamka na kusimama peke yake. Mayai aliyakaanga membamba kama karatasi, akayakunja, akayakata nyuzinyuzi. Manne yakaonekana manane. Alipotia vitunguu aliinamisha sikio.

"Unasikiliza nini?"

"Mafuta. Baba anasema yakipiga kelele yamekasirika. Ukisikia yananong'ona, ndiyo yamekubali."

Viazi vikaingia na karoti na nyanya katika sufuria kubwa, vikapata chumvi. Dengu zikaenda sufuria ndogo, na tangawizi, na mabua ya kotimiri yaliyokatwa vidogovidogo, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya ngozi ya kiatu kipya. Harufu ilipita chini ya mlango, na kutoka sebuleni mke wa Jaji akasikika akisema, "Hapa kuna mtu anayejua kupika!"

Mzee akachota dengu, akaonja. "Hizi hazina chumvi!" Akajaza kijiko chumvi, akakipeleka juu ya sufuria.

Mkono wa binti ukamshika kifundo cha mkono.

"Nisamehe, Babu. Rudisha kijiko."

"Unamshika mkono Mwalimu Mkuu?"

"Namshika babu yangu. Mwalimu Mkuu angeuliza kwanza." Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini mkono haukulegea. "Baba kanifundisha hivi: pika utakavyo, ila wali na sufuria moja visitiwe chumvi mpaka uwajue walaji. Aliyekatazwa chumvi huona haya kusema."

"Hapa si wodini."

"Si wodini, lakini wageni siwajui. Wewe unawajua?"

Mzee alimjua Jaji wa miaka hamsini iliyopita. Akarudisha kijiko.

Mezani, Jaji alisifu, akashukuru, lakini mikono yake ikabaki mapajani. Mkewe akafungua mkoba, akatoa ndizi mbili.

"Msituone wakorofi, jamani. Presha imempigia marufuku chumvi mzee wangu. Mwaka wa pili huu, kila tunakoalikwa yeye anakula ndizi kama tumbili mstaafu."

Binti akaisogeza sufuria ndogo. "Hizi hazijatiwa chumvi, Babu Jaji. Wala wali."

Jaji akaonja. Akapakua tena, na mara ya tatu akakwangua ukoko.

"Sasa hizi ndizi nile mwenyewe?" mkewe akauliza, na meza nzima ikacheka.

Jaji akafuta miwani. "Nimeelewa. Daktari anaijua hatari ya chumvi, akamfundisha bintiye. Hongera, rafiki yangu."

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Mzee. Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu. Akamtazama mjukuu wake. Binti alikuwa ameinamia sahani, hamsaidii wala hamshitaki.

Mzee akasimama, kama alivyozoea kusimama kusoma matokeo.

"Jaji, nilikuandikia barua yenye kosa."

"La tarehe? Ah, hilo dogo."

"Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba niliacha uamini mwanangu ni daktari. Mwanangu ni mpishi. Hulisha wagonjwa mia tatu kwa siku, kwa kile kilicholetwa, si kile alichoagiza. Nimemwonea haya, na leo yeye ameninusuru bila kuwepo."

Jaji akavaa tena miwani yake. "Nilipolazwa," akasema, "madaktari watano waliniambia nisile nini. Hakuna aliyeniambia nile nini. Mtu huyo nataka kumwona."

Saa tisa lango likalia. Mpishi alikuja na koti lake jeupe mkononi. Aliona viatu vya wageni kizingitini, akageuka kuelekea mlango wa nyuma, maana ndiyo njia aliyoizoea wageni wakiwepo.

"Pita huku," Mzee akamwita. Akavuta kiti chake mwenyewe cha kichwani mwa meza, akamkalisha, akampakulia kwa mkono wake. Kisha akaisoma nasaba: mhunzi, karani, mpima ardhi, mwalimu, Mwalimu Mkuu. Akavuta pumzi. "Na huyu, mpishi, mwanangu." Hakukohoa.

Nanyi vijana mliosoma hadi hapa, kaeni wima msikilize. Mzazi wako akiwa jikoni, ingia. Weka simu chini, shika kisu, uliza. Usingoje akuite, wala usidhani mikono yake itakuwepo siku zote. Kazi iliyolisha watu haina aibu. Aibu ni kuila na kuikohoa. Mmesikia. Sasa nendeni mkafanye.