Nyuzi Nne Zilizolia Bule

Jumatatu saa tatu asubuhi, Emery alikuwa akipiga randa ubao wa jeneza katika karakana yake, mtaa wa Lumumba, mgeni alipoingia akisukuma baiskeli iliyobeba kontrebasi, lile gitaa kubwa linalopigwa mtu akiwa amesimama. Gitaa lilikuwa limefunikwa blanketi hadi shingoni kama mgonjwa.

"Miye Adrien, wa kwaya ya Bule," alisema. "Fundi, nyuzi tatu iko inalia muzuri. Hii moya ya munene haina sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu tulikimbia vita kule Bule. Na Jumapili tutaimba mu kanisa ya hapa."

"Jumapili zitalingana zote," Emery alisema. "Nakupa neno yangu."

Saa sita Michel, katibu wa parokia, akapita. Alimwambia Emery kwamba gitaa likisikika vizuri Jumapili, mabenchi arobaini ya kanisa atapewa yeye ayachonge. Emery alifurahi. Tangu vita viingie mjini, hakuwa amechonga kitu cha kukaliwa na mtu aliye hai.

Akapanua kidogo mfereji wa uzi shingoni. Akasawazisha miguu ya kibao kinachoinua nyuzi. Akautoa ule uzi, akaweka waya mpya wa breki ya baiskeli. Nyuzi tatu zilinguruma. Wa nne ulitikisika kama wenzake, bila sauti.

Alhamisi Angèle, muuza unga wa muhogo, alifika kutoka Bule. Barabara ilikuwa imefungwa. Alikuwa ametembea siku tatu kwa njia za mashambani. Alimkuta Adrien karakanani akiuvuta uzi wa nne.

"Kumbe ni weye!" alisema, akitua mzigo. "Kule kila siku besi yako inalia ndani ya kanisa ile waliunguza. Uzi moya tu. Watu wanatoka mu pori kusikiliza. Na mama yako Geneviève. Miguu ilimukatala kukimbia, lakini akisikia hiyo besi, anakula."

"Amesema nini?"

"Amesema mutoto yake alikuwa anajua wimbo muzima, sasa anapiga kipande. Anauliza kama walimukata vidole."

Adrien aliviangalia vidole vyake. Vilikuwa kumi.

Emery akaingiza chuma chembamba katika tundu la gitaa, akakigusa kile kijiti kinachosimama ndani, chini ya nyuzi. Alikisogeza upande mmoja kwa unene wa ukucha. Uzi wa nne ukanguruma pale pale karakanani, misumari ikarukaruka koponi. Alikisogeza upande wa pili. Uzi wa nne ukanyamaza, na wa tatu ukaufuata.

"Sasa nimejua," alisema. "Naweza kurudisha yote hapa."

"Ikirudi yote hapa, mama atasikia nini?"

Emery alisimama na chuma mkononi. Aliyafikiria yale mabenchi arobaini, moja moja, hata harufu ya mbao zake.

"Nilisema zitalingana," akasema. "Sikusema wapi."

Akakisogeza kijiti hadi nyuzi zote nne zikawa kimya.

Jumapili Adrien alipiga wimbo mzima, hakuruka hata ubeti. Kanisani haikusikika noti moja. Kwenye ubeti wa pili kwaya ilianza kupotea, sauti za juu zikienda kwao na za chini kwao. Watoto walicheka. Michel alimtazama Emery, na kabla ya baraka ya mwisho mabenchi alikuwa amepewa seremala mwingine. Emery alisogea mbele, akaweka kiganja kwenye mbao za gitaa. Nyuzi zilikuwa zikitikisika sawasawa.

Baada ya majuma mawili Angèle alirudi, tena kwa njia za mashambani. Vizuizi vilikuwa palepale, wenye bunduki walewale.

"Mama Geneviève anakushukuru, fundi. Vidole iko yote, amesikia. Ila anasema uzi wa pili inapiga kelele kidogo kupita wenzake."

Emery aliweka chini ubao wa jeneza, akakitafuta kile chuma.