Kibanja cha Mtandaoni

Anastazi alikuwa mchoraji wa mabango pale Kayanga, mji wa wilaya ya Karagwe. Ukiona ukuta wa duka una jogoo au gunia la sukari lililokaa kama la kweli, ujue mkono wake umepita hapo. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani kufuata vibarua vya kahawa, wakapata mahali kijijini Kanoni, na yeye akazaliwa hapohapo, akaoa hapohapo, akawazika wazee wake katikati ya migomba. Mkewe, Vestina, alizaa mara kadhaa, lakini mtoto aliyekua ni mmoja tu, Speciose.

Kambi za wakimbizi wa Rwanda zilipofunguliwa Karagwe mwaka 1994, Speciose alipata kazi ya kugawa uji kwa watoto wa kambini. Huko akapendana na kijana mkimbizi aitwaye Theoneste, wakafunga ndoa. Desemba ya 1996 wakimbizi walirudishwa kwao. Barabara ilifurika watu na magodoro, na Speciose akashika njia pamoja na mumewe. Alimtuma dereva wa lori awaambie wazazi wake kwamba akifika ataleta habari. Habari haikuja. Majirani waliozoea kumwita Anastazi "Baba Speciose" wakaanza, mmoja mmoja, kumwita mzee Anastazi, na hakuna aliyesema kwa nini.

Mwaka 1998 Maua, binti wa Gharib mwenye duka, alirudi kutoka Mwanza alikokwenda kusomea kompyuta. Aliajiriwa kwenye ofisi ya mradi mmoja wa wakulima, ofisi iliyokuwa na kompyuta na laini ya simu. Siku moja alimkuta Anastazi juu ya ngazi, anapaka upya ukuta wa baba yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Baba yako anasema rangi ni ghali, lakini jogoo anamtaka mwekundu."

Maua alicheka, kisha akamwambia alichokuja kusema. Alitaka amchoree kibanja, shamba la migomba na nyumba yake, lakini si ukutani. Alitaka kukiweka kwenye mtandao.

Anastazi aliteremka. Maua akamweleza kwamba kwenye mtandao kuna kurasa nyingi mno kutoka dunia nzima, na kuna watu waliojitolea kuzipanga kwa mafungu, za kilimo peke yake, za afya peke yake, za nchi hii na nchi ile. Kazi yao wameiacha wazi. Yeyote anaruhusiwa kuichukua na kujengea kitu chake, mradi aseme ameitoa wapi. Yeye alikuwa amebeba sehemu ya orodha hiyo, wenyewe huiita saraka, kwenye disketi.

"Na hawalipwi?" Anastazi aliuliza.

"Hawalipwi."

"Kama sisi tunapotengeneza barabara ya kijiji."

"Hivyohivyo. Ila imeandikwa Kiingereza na imepangwa kama kamusi. Nani wa huku ataisoma? Nataka mtu aingie kwa picha. Akibonyeza jiko, apate kurasa za vyakula. Akibonyeza kahawa iliyoanikwa, apate za soko la kahawa. Maelezo nitayaandika kwa Kiswahili."

Anastazi alilifikiria jambo hilo wiki nzima. Hakuwa na haja ya kubuni kibanja, akachora cha kwake: nyumba ya bati yenye mlango wa ubavuni, mparachichi ulioinamia jiko, kahawa juu ya mkeka. Alipomaliza aliona uwanja mtupu. Akamchora binti aliyekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, amefunga kitambaa cha njano, uso umeelekea migombani hata hauonekani vizuri.

Maua aliitazama karatasi ile kwa muda. "Huyu naye ni mlango wa nini?"

"Ni mtu wa nyumbani tu."

Maua alikuwa amesoma darasa moja na Speciose, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alitafuta kwenye saraka yake fungu la mashirika yanayowatafuta watu waliopoteana, akaliunganisha na picha ya yule binti. Chini ya picha akaandika kwamba imechorwa na Anastazi wa Kanoni, na anwani ya barua pepe ya ofisi. Kurasa zilipanda kwa simu polepole, zikikatika na kuanza tena. Baadaye wale wa kujitolea wakaipokea tovuti yake na kuiingiza kwenye saraka yao, katika fungu la Tanzania. Siku hiyo Maua aligawa maandazi ofisini.

Nyumbani mambo hayakuwa ya maandazi. Vestina alisikia habari hizo kwa jirani kabla ya kuzisikia kwa mumewe.

"Umemweka mwanangu nje watu wamtazame," alisema.

"Nimemweka aonekane. Huenda akaiona mwenyewe, au mtu anayemjua."

"Na asipoiona? Mimi nilishaanza kujifunza kulala, Anastazi. Wewe umeniamsha."

Kuanzia hapo, kila siku ya soko Anastazi alipitia ofisini kwa Maua. Hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni ameshika kofia, na Maua akatikisa kichwa, naye akaenda zake. Walifanya hivyo masika yakapita, kiangazi kikapita, kahawa ikavunwa na kuuzwa.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya manyunyu, Maua hakutikisa kichwa. Aliinuka, akasogeza kiti.

"Kaa, mzee wangu."

Anastazi hakukaa. "Ni yeye?"

"Ni Theoneste. Yuko Nairobi. Anasema alikuwa anatafuta neno Karagwe, saraka ikamleta kwetu. Ameijua nyumba kwa ule mlango wa ubavuni."

"Na mke wake?"

Maua alikuwa amejiandaa tangu jana yake jinsi ya kusema. "Hayupo, Baba Speciose," alisema.

Anastazi alikaa. Alikuwa hajaitwa jina hilo muda mrefu, na kwa kitambo alionekana kama analisikiliza hilo tu. Kisha akamwomba Maua amsomee. Theoneste aliandika kwamba Speciose alishikwa na kuhara damu wakiwa njiani, ng'ambo ya mpaka, na hakufika kwao. Alimzika pembeni ya shamba la watu, yeye na wanaume wawili asiowajua. Baadaye alikimbilia Kenya. Mara nyingi alitaka kuleta habari, akashindwa kujua aanzeje kumwandikia mama aliyemkabidhi binti yake mzima. Alikuwa tayari kuja kuwaonyesha mahali.

"Alisema nini mwishoni?" Anastazi aliuliza. "Ameandika?"

"Anasema aliomba maji."

"Akapewa?"

Maua aliutazama mstari ule tena. "Akapewa."

Anastazi alitembea hadi Kanoni kwa miguu. Alimkuta Vestina anapalilia maharage chini ya migomba. Vestina alimwona anavyokuja, akaweka jembe chini, akakaa pale pale kwenye udongo kabla hajaambiwa neno. Kilio chake kiliwaita majirani. Matanga yalikaliwa bila maiti na bila kaburi, watu wakileta ndizi, maharage na kuni, na kila aliyeingia alisita uwanjani kama anatafuta mahali pa kuelekeza macho.

Matanga yalipoisha, Vestina alitaka kuiona picha. Maua aliwafungulia. Picha iliteremka kwenye kioo cha kompyuta kipande kwa kipande, bati kwanza, halafu mparachichi, halafu yule binti. Vestina alisogea karibu.

"Umemshikisha kisu mkono wa kulia," alisema.

Anastazi alitazama.

"Mwanangu alimenya kwa kushoto. Nilimkanya sana alipokuwa mdogo, hakuacha. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Alijaribu kuuona ule mkono wa kushoto akilini mwake, hakuuona. Jambo hilo lilimuuma kuliko vile alivyotegemea, akageuka dirishani, na Vestina akamshika bega. Maua alitoka nje akawaacha.

Kiangazi walipanda basi hadi Ngara, wakavuka mpaka wa Rwanda pale Rusumo kwa miguu. Theoneste aliwangojea ng'ambo, amekonda. Alipiga magoti mbele ya Vestina katikati ya barabara, na Vestina akamwinua. Aliwapeleka kwenye shamba la mtama kando ya njia. Mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Nyiransabimana, aliwaambia kwamba alipolikuta kaburi hakujua ni la nani. Mwaka wa kwanza alipakwepa. Mwaka wa pili njaa ilibana, akapanda mpaka mwisho. Alisema hayo akitazama chini.

Kaburi halikuwa na dalili tena. Theoneste alijaribu kupima kwa jiwe kubwa na mti wa mkaratusi, akasogea huku, akarudi kule, mwishowe akasema ni hapa, lakini sauti yake haikuwa na uhakika. Walisali rozari wakiwa wamesimama kati ya mtama uliowafika mabegani. Wakati wote huo Anastazi aliitazama miguu yake, akiogopa labda amesimama juu ya mwanawe.

Nyiransabimana akasema, "Mama, sehemu hii nitaiacha. Sitailima tena."

Vestina alilitazama shamba lote, dogo, na nyumba iliyokuwa juu yake, na nguo za watoto zilizoanikwa uani.

"Lima, dada," alimwambia kwa Kinyarwanda. "Usiwanyime watoto. Ila mnapovuna, litaje jina lake. Anaitwa Speciose."

Yule mama alilirudia jina mara ya kwanza kwa kukosea, kisha sawasawa. Anastazi na Vestina wakarudi barabarani kungoja gari la kuwapeleka mpakani.