Salamu za Mita Sitini

Mimi naogopa kupanda hata stuli. Lakini Mzee Mwinyimvua, mwenyekiti wa chama chetu cha redio za ridhaa, alishatamka: siku sauti yake itakapotoka kibarazani kwake Mlingotini ikasikika Kiwangwa, ndipo nipeleke posa ya binti yake Hajra. Si kabla. Basi nikajifunga mkanda, nikapanda mnara wa mita sitini wa Kiwangwa huku nikisoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni.

Juu nikafunga antena na ripita, kile kisanduku kinachodaka sauti ya redio ndogo na kuirusha mbali zaidi. Kina kipimo cha muda: mtu akishikilia kitufe kupita kiasi, kinamkata ili wengine nao waseme. Hajra alikuwa amenionya, "Yahya, muda huo uweke mrefu. Baba unamjua." Nikajifanya fundi wa vitabu. Nikaweka sekunde thelathini, kama kitabu kilivyoelekeza.

Nikashuka. Mwishehe, mlinzi wa mnara, alikuwa ananipa maji redio ilipokoroma.

"Asalaam aleikum, Kiwangwa! Hamjambo huko? Wazima? Watoto hawajambo? Mashamba je, mananasi mwaka huu yamekubali? Na huyo mlinzi, nyumbani kwake wazima? Mkewe..."

Kimya.

"Shikamoo mzee!" nikaita. Akaanza upya, maana kwake salamu iliyokatika haiungwi. Akafika kwenye mananasi, kimya. Mara ya tatu alikwenda mbio, akafika kwa mke wa mlinzi, kimya.

Ndipo akanipigia simu, ambayo kwa bahati mbaya ilisikika vizuri kabisa.

"Yahya, unanikata?"

"Si mimi, mzee wangu, ni mashine."

"Na mashine kaiweka nani?"

Nikainua macho kwenye mnara.

"Mtu anayemkata mkubwa kwenye salamu, binti yangu atamsikiliza lini? Nakupa mpaka alasiri. Salamu zangu zisipofika zote, posa usilete."

"Si umwombe afupishe?" Mwishehe akanishauri. Mzee Mwinyimvua afupishe salamu! Rahisi kuufupisha mnara.

Nikapanda tena. Njia nzima nilikitukana kile kitabu na aliyekiandika, kisha nikajitukana mwenyewe. Nikaweka dakika tano, ndio mwisho wa mashine, nikaukumbatia mnara na kubonyeza kitufe cha redio yangu. "Shikamoo mzee!"

"Marahaba!" Akaanza. Watoto. Mananasi. Mbuzi. Mke wa mlinzi. Mama mkwe wa mlinzi. Upepo ulinitikisa, miguu ikafa ganzi, nami nahesabu dakika. Ya tatu. Ya nne.

"Alhamdulillahi. Sasa mwanangu, kuhusu lile jambo letu..."

Kimya.

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kule juu kama mtoto. Kisha redio ikakoroma tena, safari hii sauti ya Hajra, haraka haraka.

"Nimemnyang'anya redio. Amekubali! Wazee wako waje Ijumaa. Ila usishuke kwanza, Baba anasema hajajibiwa. Mke wa mlinzi anaendeleaje?"

Nikainama, nikapiga kelele mpaka chini. "Mwishehe! Mkeo hajambo?"

"Mke gani? Mimi sijaoa!"

Nikabonyeza kitufe.

"Hajambo, mzee," nikasema. "Anakusalimu sana."