Masizi kwenye Pua ya Boti

Wewe, umewahi kuendesha chombo kama uliyefungwa kitambaa machoni? Basi hivyo ndivyo alivyokuwa Muthama kila jioni ya soko, mwaka ule wa tisini na moja, akiwavusha bwawa wachuuzi wa Embu kutoka upande wetu wa Kitui. Kuelekea saa kumi na mbili jua lilikaa mbele yake, chini kabisa, bwawa lote likameremeta. Na pua ya boti nayo ilipigiliwa mabati. Jua la juu na jua la chini, yote machoni.

Lakini halikuwa jua tu. Ndani ya mng'ao ule Muthama aliona tyubu nyeusi ya gurudumu la lori, na kichwa cha mtu juu yake. Kila alipopunguza kasi, kilipotea.

Mwaka uliotangulia, mahali pale pale, boti yake iligonga kitu. Abiria walipouliza, alisema, "Ni gogo." Jioni hiyo Kiilu, kijana aliyevua samaki akielea juu ya tyubu, hakurudi nyumbani, wala maiti yake haikupatikana. Watu walishuku ndiye aliyegongwa, ila hakuna aliyemuuliza Muthama tena.

Tangu hapo Ndila, mama yake Kiilu, alipanda boti ya jioni kila siku ya soko. Alikaa ubao wa mbele, leso kichwani, akavuka, asishuke, akarudi.

"Muthama!" Kaluki, muuza nyanya, alipiga kelele jioni moja boti ilipokaribia kusimama. "Unaendesha boti ama unabembeleza mtoto? Nyanya zangu zitaozea humu!"

Watu wakacheka. Muthama hakucheka, aliogopa kuua mtu wa pili. Siku ya soko iliyofuata akakwangua masizi ya sufuria tatu, akayachanganya na oili chafu ya injini, akapaka mabati yote. Jioni yakang'aa kuliko kioo.

Ndila akageuka, kwa mara ya kwanza.

"Oili inang'aa, mwanangu. Osha na sabuni, halafu upake masizi na majivu uliyokoroga kwa uji mzito. Juu yake tandika gunia, ulifunge kamba lisipepee. Na kofia yako hiyo, ishushe."

Muthama akaishusha, akawaza. Huyu mama anataka nione nini?

Soko lililofuata alikuwa amefanya yote, hata mkaa amejipaka chini ya macho. Jua likashuka, mabati yakabaki meusi, kimya. Maji yakaonekana maji: viwimbi vidogo, ndege mmoja akizamia na kuibuka. Muthama alitafuta tyubu, akatafuta tena. Haikuwapo. Hilo likamtisha kuliko kile kichwa, maana sasa mbele yake hapakuwa na kingine cha kutazama ila mgongo wa Ndila.

Akazima injini.

"Tena?" Kaluki akaanza, kisha akauona uso wa Muthama, akaketi.

"Mwaitu," Muthama akamwita Ndila, kama anavyomwita mama yake mzazi. "Ni hapa. Nilisikia sauti ya Kiilu, nikasema ni gogo. Niliogopa."

Ndila hakulia. Alivua leso, akaikunja magotini mara nne, akayaangalia maji huku boti ikizunguka polepole.

"Mwaka mzima navuka," akasema. "Nilitaka tu mtu anionyeshe ni wapi, hapo nimwite Kiilu kwa jina lake."