Foleni ya Viatu

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa magoti, na katika ua wa kliniki ya watoto niliona foleni isiyo na watu. Vilikuwa viatu vitupu: kandambili, malapa, raba zilizokanyagwa visigino, pea moja nyuma ya nyingine kutoka madirisha mawili ya kadi hadi getini, vimetulia kana kwamba wenyewe wameyeyuka. Nilidhani bado nimo usingizini. Mjukuu wangu akanikoholea shingoni, nikajua nimeamka.

Binti yangu aliniachia mtoto kwa sababu ya zamu yake kazini. "Mama, umpeleke mapema," alisema, "na usije ukaanza kuwafundisha manesi hesabu."

Hakunionea. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mtafiti wa uchumi wa afya ya watoto, na jina langu limesimama juu ya namba moja: mama anayempeleka mtoto kliniki husubiri, kwa wastani, dakika arobaini. Vyuoni huniita Mama Arobaini. Saa nane mchana siku hiyohiyo, kamati ya afya ilikuwa iamue kufunga dirisha moja kati ya mawili katika kila kliniki, kwani foleni fupi haihitaji mawili. Lililobaki ni mimi kuithibitisha namba yangu.

"Shangazi, viatu vyako viko wapi?" aliniuliza mwanamke aliyeketi chini ya ukuta akinyonyesha. Wenzake walijipanga kando yake, miguu peku wameikunja ndani ya shuka.

"Viko miguuni."

"Basi bado hujafika!" Kicheko kikatambaa ukuta mzima. "Vua, uviweke nyuma ya zile raba nyekundu. Hapa sisi tunakaa, viatu ndivyo vinavyosimama."

"Ninyi mmefika saa ngapi?"

"Mimi kumi na moja. Huyu mwenzangu nadhani alilala hapahapa getini."

"Usinisingizie, wewe! Nilikuja na jogoo."

Nikavua. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Madirisha yalifunguliwa saa mbili. Kila mhuri ulipogongwa, tulisogeza viatu vyetu, na vya jirani aliyesinzia. Jua liliulamba ukungu polepole. Kikohozi kilijibu kikohozi, na muda ukawa kama maziwa, mweupe, wa uvuguvugu, usio na kingo. Karibu na saa tatu, mwanamke mmoja aliinama, akavaa malapa yake, akaondoka na mtoto wake wa homa bila kumuaga mtu. Pengo lake likazibwa mara moja.

Saa nne na dakika ishirini, nesi akaigonga kadi yetu mhuri: *Muda wa kufika, 4:20*.

"Lakini mwanangu, nimefika tangu saa kumi na mbili."

"Mama yangu, kufika ni hapa dirishani. Mhuri haufiki uani."

Daktari alimpima mjukuu wangu kifua saa tano kamili. Dakika arobaini. Sikuhitaji karatasi kuzikokotoa.

Nikakiona tena chumba cha ujana wangu: feni darini, kadi elfu tatu mezani, nami nikitoa muda wa kufika katika muda wa kuonwa na daktari, kwa miezi minane, kwa usafi ambao mwalimu wangu aliusifu mbele ya darasa. Sikuwahi kwenda uani hata siku moja. Na yule wa malapa hakuwa na kadi. Hatakuwamo katika wastani wa mtu yeyote.

Saa nane, mjukuu akiwa amenilalia begani, mwenyekiti wa kamati, mwanafunzi wangu wa zamani, alinivutia kiti. "Profesa, limebaki neno lako tu, tukanywe chai."

"Siku za mwizi ni arobaini," nikasema. "Zangu zimetimia leo."

Wakacheka, wakidhani nalitania jina langu. Kisha nikawaeleza habari za viatu, za mhuri, na za mwanamke aliyeondoka. Kijiko kilichokuwa kikikoroga pembeni kikasimama.

"Profesa," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, "tumesoma kwa namba hiyo. Unajua unachokibomoa?"

"Najua. Nilikijenga mwenyewe."

Mwenyekiti akalifunga jalada la uamuzi bila kutia saini. Madirisha yote mawili yangebaki wazi, walau mwaka huu. "Basi wanangoja muda gani hasa?"

Juu ya zulia, kati ya miguu ya viti, nilihisi naviona tena vile viatu, pea baada ya pea, vikinyoosha foleni hadi mlangoni.

"Sijui," nikajibu. Nilikuwa sijalitamka neno hilo chumbani humo kwa miaka mingi, na kinywa kikawa chepesi. "Kesho nitamtangulia jogoo, nivue viatu, nianze kuhesabu."